Miraba ya pembetatu mbili kwa mabaki ya vitenge: acheni kuulaumu mkasi (mjadala wa mafundi wa kwilti, Dodoma na jirani)

Cherehani la Nkuhungu

Salaam wakuu. Kwenye mjadala wa mabaki ya vitenge kuna swali linarudi kila wiki: kwa nini miraba ya pembetatu mbili haitoki saizi moja? Na kila likirudi linajibiwa kwa mstari mmoja: "kata vizuri, utashona vizuri." Nalijibu hapa kwa kirefu, maana jibu hilo ndilo linalowapoteza wanaoanza.

Mada ni ile miraba yenye pembetatu mbili, moja ya rangi iliyokolea na nyingine nyepesi, zilizoungwa kwa mshono wa mshazari. Ndiyo inayojenga pangaboi, nyota, safu za milima na michoro mingine mingi ya kwilti, yaani tandiko la vipande vya vitambaa vilivyoungwa. Mtu anakata pembetatu zake kwa utulivu, anashona, kisha anapima: mmoja una inchi 3½, wa pili 3⅜, wa tatu umetoa tumbo. Anaulaumu mkasi.

Mkasi hauna kosa. Chukua kipande cha kitenge ukivute kufuata ukingo wa kiwandani. Hakiendi popote. Kivute kukatisha upana, kinasogea kidogo. Sasa kishike pembe kwa pembe ukivute. Kinarefuka, na ukikiachia hakirudi chote. Huo ndio mshazari, na ndio upande mrefu wa kila pembetatu. Ukikata pembetatu kwanza, unabaki na kingo zinazolegea mkononi, chini ya mguu wa cherehani na chini ya pasi. Kwa hiyo shona kwanza, kata baadaye.

Njia yenyewe mafundi wengi wanaijua, naipitia haraka. Mraba wa rangi nyepesi juu ya mraba wa rangi iliyokolea, nyuso zikitazamana. Piga mstari wa penseli pembe kwa pembe. Shona robo inchi upande huu wa mstari, geuza, shona robo inchi upande ule. Kata juu ya mstari. Umepata miraba miwili na hakuna mshazari ulioachwa wazi hata dakika moja kabla haujashonwa.

Vipimo: ukitaka mraba utakaobaki na inchi 3 baada ya kuungwa na wenzake pande zote, kata miraba ya kuanzia inchi 4. Yaani ongeza inchi 1 kamili. Ukishashona na kufungua utapata kama inchi 3⅝, halafu unapunguza hadi 3½. Ile nusu inchi iliyozidi juu ya 3 italiwa na mishono ya pembeni, robo huku na robo huku.

Sasa panapoua watu: robo inchi yenyewe. Mshono ukiwa umelala robo inchi kamili, mraba utakuwa mdogo kidogo, kwa sababu kitambaa kikikunjwa juu ya uzi kinakula upana. Mshono unatakiwa uwe robo inchi kasoro unene wa uzi mmoja au miwili. Linaonekana jambo dogo. Safu yenye miraba 12 ina mishono 11 ya kuunganisha. Kila mshono ukizidi 1/16 ya inchi unakula kitambaa pande zote mbili, yaani 1/8. Zidisha kwa 11: safu imepungua inchi 1⅜. Safu ya jirani umeshona asubuhi ukiwa na nguvu, haijapungua. Ziunganishe hizo tuone.

Kipimo cha kujua cherehani yako: kata vipande vitatu vyembamba, kila kimoja upana wa inchi 1½. Viunge kwa urefu, piga pasi, pima kile cha katikati. Kiwe inchi 1 kamili. Kikiwa chini ya hapo mshono wako ni mpana, sogeza. Usianze kwilti kabla ya jaribio hili kukubali, na ulirudie ukibadili uzi au mguu.

Mengine ya cherehani kwa ufupi: sindano namba 80/12, mpya. Uzi wa pamba au poliesta mwembamba, usiwe ule mnene wa kushonea jinzi. Mshono wa milimita 2 hivi, kama 12 kwa inchi, ili ukikata katikati visifumuke. Na anza kila msululu kwa kushona juu ya kitambaa chakavu, ndipo uingize kipande chako, la sivyo pembe itanyonywa na sahani, lile bamba la chuma chini ya sindano. Wenye vyerehani vya zigizagi mnanielewa, lile tundu lao ni pana.

Kupunguza nitakueleza kwenye bandiko la pili, umeme umeanza kuchezacheza huku.

Mgogo wa Kisasa

Nimekuja mbio na kiti changu. Endelea mkuu.

Binti_Manyoni

Dada asante kwa nondo. Ila mimi sina mguu wa robo inchi, nina Butterfly ya miguu ya marehemu bibi. Nimebandika plasta kwenye sahani kama mwongozo, lakini kwenye hii miraba haisaidii, kitambaa kinaifunika plasta yote sioni kitu. Nafanyaje?

Cherehani la Nkuhungu

Binti, umegusa penyewe. Mwongozo wa kubandika, iwe plasta, iwe kipande cha ndala kilichogundishwa, unafanya kazi pale ukingo wa kitambaa unapotembea kando yake. Hapa hakuna ukingo. Mstari uko katikati ya mraba na kitambaa kimelala kushoto na kulia.

Una njia mbili. Kwanza, pima ukingo wa kulia wa mguu wako. Weka futikamba chini ya mguu, zungusha gurudumu kwa mkono mpaka ncha ya sindano iguse alama ya inchi, kisha soma ukingo wa mguu uko wapi. Kwenye vyerehani vingi vya aina hiyo hautaangukia robo kamili. Ukiangukia, shona ukingo wa mguu ukitembea juu ya mstari wa penseli, basi.

Usipoangukia, usihangaike na mguu. Chora mistari miwili ya kushonea, robo inchi kasoro kidogo kila upande wa ule wa katikati, ushone juu ya mistari yenyewe. Unachelewa kidogo kwenye kuchora lakini macho hayakisii. Penseli iwe na ncha. Chaki ya fundi ichonge iwe nyembamba, maana chaki butu inachora mstari mnene na hujui ushone upande wake upi. Kwenye vitenge vyeusi na kaniki tumia kipande cha sabuni ya kuogea kilichoisha kikabaki chembamba. Kalamu ya wino marufuku.

FundiMstaafu

Wanangu, nimesoma kwa makini. Nimeshona miaka mingi kabla ya hizi kwilti kuingia mitandaoni, na nasema hivi: kuongeza inchi nzima ni kupoteza kitambaa na muda. Hesabu sahihi ni 7/8 ya inchi. Kata inchi 3⅞, shona kwa mkono uliotulia, hakuna cha kupunguza. Fundi anayepunguza kila kiraka ni fundi asiyeamini mkono wake.

Mama Vipande

Shikamoo mzee. Ngoja niweke chai jikoni, hapa patachangamka 😄

Cherehani la Nkuhungu

Shikamoo mzee wangu. Hesabu yako ni sahihi na nitaieleza ili wengine waone imetoka wapi. Ukiuacha mshono wa robo inchi kuzunguka pembetatu yote, kila upande mfupi unaongezeka robo kwa ajili ya ile pembe ya mraba, na zaidi ya nusu kwa ajili ya ile pembe kali, kwa kuwa ncha kali inatoka mbali. Jumla ni inchi 0.854. Rula zetu hazina 0.854, zina 7/8 ambayo ni 0.875. Kwa hiyo ukikata 3⅞ na kila kitu kikaenda sawa, mraba wako unatoka inchi 3.52. Umebakiza nusu milimita.

Hapo ndipo tunapoachana. Nusu milimita inatosha kwa mkono wako, mzee, kwenye pamba nyeupe isiyokunjamana. Haitoshi kwa mabaki ya vitenge ambavyo kimoja kimefuliwa, kingine kina gundi ya dukani, cha tatu kimekatwa kutoka mgongo wa shati. Wala haitoshi kwa pasi ya mtu anayeanza. Ukiongeza inchi nzima unabakisha zaidi ya milimita 3, na hapo ndipo rula inapata cha kufanyia kazi. Kitambaa kinachopotea ni 1/8 ya inchi kila upande wa mraba wa kuanzia. Kwenye mabaki yanayotupwa mlangoni mwa mafundi wa Majengo, hiyo naiita sadaka.

Ukikata 3⅞ na mraba ukatoka na tumbo, huna pa kuupunguzia. Unaufumua au unautupa. Hesabu hasara iko wapi.

FundiMstaafu

Marahaba. Hoja ya mabaki nimeielewa. Kwa kitambaa kipya cha jora moja nabaki na 7/8 yangu.

Cherehani la Nkuhungu

Na hapo sikupingi.

Sasa pasi na kupunguza, kama nilivyoahidi.

Ukitoka cherehanini usifungue mraba haraka. Piga pasi kwanza ukiwa umefungwa hivyo hivyo, juu ya mshono, ili uzi ulale ndani ya kitambaa. Kisha fungua, rangi iliyokolea ikiwa juu, na ulaze mshono upande wa rangi iliyokolea. Bonyeza na kuinua, bonyeza na kuinua. Usiburute. Kuburuta pasi juu ya mshono wa mshazari kunaurefusha, na hapo ndipo tumbo lilipotoka. Mtu anashona vizuri kabisa halafu anaharibu mezani.

Mvuke mimi siutumii kwenye hatua hii, unalegeza mshazari. Zaidi ya hapo, maji yetu ya Dodoma mnayajua kwa chumvi. Ukiyatia kwenye pasi ya mvuke yanaacha madoa meupe, kwenye kaniki utalia.

Kupunguza: unahitaji kitu chenye pembe nne halisi na mstari wa pembe kwa pembe. Wenye rula za plastiki na kisu cha gurudumu wanajua. Kwa sisi wengine, nenda kwa fundi vioo akukatie kipande cha inchi 3½ kwa 3½, cha milimita 5, asage kingo zote zisikukate. Kabla hujalipa, pima mishazari yote miwili. Iwe sawa, karibu inchi 4.95, yaani tano kasoro kidogo. Ikitofautiana, kioo kimepinda na kila mraba utakaoupimia utapinda nacho. Chora mstari wa mshazari kwa kalamu isiyofutika, upande wa chini ili usisuguliwe na mkono.

Laza kioo juu ya mraba, mstari wake ukae juu ya mshono kuanzia pembe hadi pembe. Hilo ndilo la kuangalia kuliko kingo. Sogeza mpaka kitambaa kichungulie pande zote nne, hata kama ni uzi mmoja. Zungushia penseli, ondoa kioo, kata kwa mkasi juu ya mstari. Vile visikio viwili vinavyochomoza kwenye ncha za mshono vinaondoka hapo hapo. Kisu cha gurudumu usikipitishe kwenye kioo, makali yataisha.

Wenye haraka wanapunguza mraba kabla ya kuufungua: unaweka mstari juu ya nyuzi za mshono na kukata pande mbili tu badala ya nne. Inafanya kazi, ila mpaka mshono wako uwe umenyooka kweli, na pasi ya baadaye usiiburute.

Mgogo wa Kisasa

Mkuu swali la kizembe. Rula yangu ni ya shule, ya sentimita, na futikamba imefutika upande wa inchi. Nabadilisha zote kwa kuzidisha 2.54?

Cherehani la Nkuhungu

Hapana, utapata namba ambazo rula haina. Hamia sentimita moja kwa moja na usichanganye. Mshono wako uwe milimita 7.5. Mraba wa kuanzia uwe saizi unayoitaka mwishoni ongeza sentimita 3, na ukipunguza ubakize saizi hiyo ongeza sentimita 1.5. Mfano unataka sentimita 8: kata 11, shona, utapata karibu 9.9, punguza hadi 9.5. Jaribio la vipande vitatu ni lile lile, ila kata vya sentimita 4, cha katikati kitoke 2.5.

Kibajaji wa Area C

Samahani wakuu, mke wangu ndiye anashona, mimi nasoma kwa niaba yake. Anauliza kama kuna namna ya kupata mingi kwa mkupuo, maana anataka kutengeneza shuka zima la kitanda cha sita kwa sita.

Mama Vipande

Shemeji mwambie akate miraba mikubwa. Kwa saizi ile ile ya inchi 3, mraba wa kuanzia uwe inchi 8. Yaani zidisha mara mbili, ongeza 2. Achore mishazari yote miwili, ashone robo inchi pande zote mbili za kila mstari, mishono minne kwa jumla. Halafu akate katikati kwa wima, katikati kwa mlalo, na mwisho kwenye mishazari. Anapata 8 kwa mkupuo. Asisogeze vipande mpaka amalize kukata vyote, vikihama mstari hauonekani tena.

Kuna ile nyingine ya kushona kuzunguka mraba wote pembeni kisha kukata msalaba wa mishazari, inatoa 4. Ni ya haraka na inavutia kwenye video, lakini kingo zote za nje zinabaki za mshazari. Mimi kwa shuka la kitanda siitaki. Labda kwa mto mdogo.

Cherehani la Nkuhungu

Namuunga mkono Mama Vipande. Anayeng'ang'ania hiyo ya nne, atie stachi nzito kabla ya kukata.

Binti_Manyoni

Kuhusu stachi dada, ni lazima? Na vitenge nifue kwanza au vibaki na ile gundi yake ya dukani, mbona tayari vimekakamaa?

Cherehani la Nkuhungu

Fua. Ile gundi ya dukani inatoka kwenye maji ya kwanza na baadhi ya vitenge vinarudi nyuma. Marekani ile isiyopaushwa inarudi zaidi. Ukiunga kilichofuliwa na kisichofuliwa, siku kwilti inafuliwa ndipo utaona mikunjo imejitokeza penye miraba mingine na mingine imetulia.

Halafu choma uzi mmoja mmoja kabla ya kuamini neno la muuzaji. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu. Ukiona imeyeyuka ikawa kidonge kigumu, kuna poliesta, na hiyo itasinyaa chini ya pasi ya pamba. Iweke kando kwa kazi nyingine.

Baada ya kufua ndipo stachi. Uji mwepesi wa wanga wa muhogo uliochujwa unatosha. Tandaza kivulini, usianike kwenye upepo wa Julai, utakuta vumbi la mtaa mzima limeganda humo. Kwa hewa yetu kavu hakichelewi kukauka. Piga pasi, ndipo ukate. Kitambaa chenye stachi hakivutiki ovyo, hata mkono mzito unasamehewa.

Mama Vipande

Niongezee la pasi ya mkaa, maana huku kwetu umeme ukikatika ndiyo tegemeo. Watu wanaidharau lakini uzito wake ndio unaotakiwa kwenye kubonyeza na kuinua. Shida zake mbili: majivu, na joto lisilopimika. Weka kitambaa cheupe chepesi juu ya mraba kabla ya pasi. Pasi ipepee nje, usije ukapuliza majivu juu ya kazi ya wiki nzima. Ijaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa, ikiacha rangi ya chai ya maziwa, ngoja ipoe.

Mgogo wa Kisasa

Rangi je? Nimeunga vitenge viwili vizuri sana, kila kimoja kinapendeza, lakini pembetatu hazionekani. Mraba unaonekana wa fujo tu.

Cherehani la Nkuhungu

Vyote viwili vina maua makubwa na vimekolea sawa. Jicho halitofautishi. Vipige picha na simu, geuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Ukiona kijivu kimoja, usiviunge. Kitenge chenye michoro mikubwa kiunge na kitambaa kisicho na maua, marekani, kaniki, au hata ule upande wa khanga usio na mchoro mwingi. Uzuri wa kitenge cha nta ni kwamba nyuma na mbele vinakaribiana, hivyo hutahangaika sana na uso upi uko juu.

Kibajaji wa Area C

Mke wangu anasema asante, ila ana swali la mwisho. Miraba yake imetoka sawasawa kabisa, anaipima anafurahi. Akiiunga, zile ncha za pembetatu zinakatwa. Zinakuwa butu.

Cherehani la Nkuhungu

Mwambie ageuze mraba atazame upande wa nyuma. Pale mishono ya mshazari inapokutana kuna msalaba mdogo, robo inchi kutoka ukingoni. Mshono wa kuunga unatakiwa upite juu ya makutano ya huo msalaba, au nje yake kwa unene wa uzi mmoja kuelekea ukingoni. Ukipita ndani yake umeikata ncha. Kwa hiyo ashone ule upande wenye msalaba ukiwa juu ili auone unakuja. Achome pini moja hapo hapo kwenye makutano, pini nyingine kila upande, aitoe ya katikati sindano ikikaribia.

Na mishono miwili inayokutana ilale pande tofauti, mmoja kushoto mwingine kulia. Akiisogeza kwa vidole ataisikia imekaa pamoja. Kwenye pangaboi katikati panakutana pembetatu nane za unene, pale afungue mshono wa kuunga upande huu na upande huu na kuubonyeza mpaka ulale, ama sivyo kutabaki kinundu.

FundiMstaafu

Hilo la kushona msalaba ukiwa juu nalichukua. Swali langu moja: hiyo stachi ya muhogo mnayoisifu haiiti mende na panya kwenye kabati?

Cherehani la Nkuhungu

Inaita, mzee, tena sana. Ndiyo maana kwilti ikiisha kushonwa inafuliwa mara moja kabla ya kukunjwa, na miraba ambayo haijaungwa naiweka kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko.